Baniani mbaya, na hadithi yake je?

Leo siongelei boom wala ratiba ya mitihani, hayo mnayajua wenyewe. Leo nataka tuongelee hadithi. Namaanisha hadithi za mahali patakatifu, za kwao na za kwetu, na kwa nini sisi tunaosomea ualimu inabidi tuzichukulie kwa uzito kuliko tunavyofanya.

Tuanze na methali. Kila aliyepita shule ya msingi anaijua: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Tumeiweka kwenye insha, tumejaza nafasi zilizoachwa wazi, tumepata vema zetu, tukaendelea na maisha. Lakini ni wangapi waliwahi kumuuliza mwalimu Baniani ni nani? Baniani ni mtu wa dini ya Kihindu, na kwa huku kwetu hasa ni mfanyabiashara ambaye asili yake ni Gujarat, magharibi mwa India. Sio kila Mhindi ni Baniani. Kati ya hao tunaowaita "Wahindi" pale mjini kuna Waismailia, Mabohora na Ithnaasheri, na wote hao ni Waislamu. Kuna Magoa ambao ni Wakatoliki. Kuna Singasinga wenye vilemba. Sisi tumewatia wote kwenye gunia moja tukafunga kamba. Methali tunayo, ila mtu mwenyewe hatumjui.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Majuzi watu walikuwa wanapiga stori za matajiri wa mjini, mmoja akasema kwa kujiamini kabisa kwamba kwenye hekalu la Wahindu kule mjini kati "wanaabudu mashetani, ndio maana wana hela". Watu wakacheka, stori ikahamia kwenye mpira. Sasa jamani, angesema hivyo kijana wa kijiweni ningenyamaza. Huyu ni mwenzetu, anasomea ualimu, na muda si mrefu atasimama mbele ya watoto themanini na chaki mkononi. Atakachokisema yeye, mtoto ataenda kukirudia nyumbani kama ukweli, "mwalimu kasema".

Kwa hiyo tuulizane, hao Mabaniani wanasimulia nini hasa? Nitachukua hekalu moja tu, maana ukitaka yote hutamaliza. Nachagua Somnath.

Somnath ipo Prabhas Patan, jirani na mji wa Veraval, pwani ya Gujarat, imetazama bahari hii hii ambayo majahazi yaliivuka kuja Zanzibar, Bagamoyo na Mombasa. Mababu wa Wahindu wengi wa Afrika Mashariki walitoka sehemu hizo, Kachchh na Kathiawar. Ni hekalu la Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu. Msidhani jina hilo ni geni kwetu. Tajiri aliyekuwa amekodishwa ushuru wa forodha Zanzibar enzi za Sayyid Said aliitwa Jairam Shivji. Shivji ni Shiva, na hiyo "ji" ya mwisho ni ya heshima. Na sisi wanachuo wangapi tumesoma maandishi ya Profesa Issa Shivji bila kujiuliza jina la ukoo limetokea wapi? Ndio hivyo, majina husafiri na kubaki hata pale dini inapokuwa nyingine kabisa.

Hadithi ya Somnath inakwenda hivi. Mzee mmoja aitwaye Daksha alikuwa na mabinti 27, wote akawaoza kwa Soma, yaani Mwezi. Soma akampenda mmoja tu, Rohini. Wale 26 wakaenda kulia kwa baba yao. (Wazee wetu wa Usukuma wenye wake wengi mnajua haya mambo.) Daksha akamwonya mkwewe, mkwe hakusikia. Daksha akamlaani anyauke mpaka aishe. Mwezi akaanza kupungua kila usiku, dunia ikaharibika. Akashauriwa aende ufukweni Prabhas, aoge, amwombe Shiva. Akafanya hivyo. Shiva akamhurumia, lakini laana ya mkwe haifutiki yote, basi akaipunguza: nusu ya mwezi atapungua, nusu ya mwezi atajaa. Shukrani yake Soma ikawa kumjengea Shiva hekalu, likaitwa Somnath, Bwana wa Mwezi. Ndio maana ukiona picha za Shiva kwenye kalenda za maduka, ana kimwezi chembamba kichwani.

Mwenzetu angesema "uongo mtupu". Subiri kwanza. Wale wake 27 ni nini? Wahindu wa kale waligawa njia ya mwezi angani katika vituo 27, maana mwezi huchukua kama siku 27 na kidogo kuzunguka na kurudi kwenye nyota zile zile. Kila usiku "analala" kwa mke mwingine. Rohini ni ile nyota nyekundu tunayoiita Aldebaran. Kwa hiyo ndani ya hadithi ya mitala kuna kalenda, na mtoto asiyejua kusoma anaibeba kichwani bila daftari. Sisi wenyewe Kiswahili chetu kinatumia neno moja, mwezi, kwa kile kinachong'aa na kwa siku thelathini. Tusishangae wengine nao kuufungia muda kwenye mwezi.

Kuna lingine. Mwanachuoni Mwislamu, al-Biruni, aliandika kuhusu India kama mwaka 1030. Akaeleza kwamba jiwe la Somnath lilikuwa ufukweni, na mwezi ulipochomoza maji yalijaa yakalifunika, kisha yakapwa likaonekana tena, ikawa kama mwezi unaliogesha jiwe na kulitumikia. Mtu wa pwani anayejua bamvua haitaji kuelezwa zaidi. Sisi wa ziwani hatuoni maji kujaa na kupwa kila siku, kwa hiyo inabidi tufundishwe kwamba mwezi unavuta bahari. Wale walikuwa wameshaunganisha mwezi na maji, wakaliweka jambo hilo kwenye ibada.

Na hilo jiwe lenyewe? Linaitwa linga. Ni jiwe laini lililosimama, humwagiwa maji na maziwa, huwekewa majani. Wahindu wanasimulia kwamba Brahma na Vishnu walibishana nani mkubwa. Ghafla ikatokea nguzo ya moto isiyo na mwanzo wala mwisho. Vishnu akajigeuza nguruwe akachimba chini, Brahma akajigeuza ndege akaruka juu. Vishnu akarudi akakiri hakuona mwisho. Brahma akadanganya kwamba ameuona. Nguzo ilikuwa ni Shiva, na kwa uongo ule Brahma akanyimwa ibada. Kuna mahekalu 12 India yanayohesabiwa kuwa ya nguzo hiyo ya mwanga, na Somnath hutajwa la kwanza. Hata ukiwa Mkristo au Mwislamu kama mimi na wewe, huwezi kusema hadithi hiyo inafundisha ushetani. Inafundisha kwamba aliyesema "sijui" alikuwa mkweli na aliyejifanya anajua akaumbuka. Sisi wa chuo tungeiandika kwenye ubao wa matangazo!

Sasa nakuja kwenye sehemu inayoniuma. Msidhani naandika ili kusema hadithi za dini ni nzuri nzuri tu, tuzipende, tuimbe pamoja. Hapana. Hadithi ya Somnath imemwaga damu.

Mwaka 1026 Sultani Mahmud wa Ghazni alivamia Somnath, akavunja linga na kubeba mali. Hilo ni tukio la historia. Lakini baada yake kila mtu akaongeza chumvi yake. Waandishi wa baadaye wakasimulia kwamba sanamu lilikuwa linaelea hewani. Mwaka 1842 Gavana Mkuu Mwingereza, Lord Ellenborough, akatangaza kwamba jeshi lake limerudisha kutoka Ghazni milango ya Somnath iliyoibiwa, eti kisasi cha miaka 800 kimelipwa. Milango ilipochunguzwa ikaonekana si kazi ya mafundi wa Gujarat kabisa. Mpaka leo imewekwa kwenye ngome ya Agra. Mwingereza alitaka Wahindu wamwone mkombozi na Waislamu waonekane adui wa kudumu, na hadithi ikamfaa.

India ilipopata uhuru hekalu likajengwa upya, na Mei 1951 Rais Rajendra Prasad alikwenda kwenye sherehe ya kusimika linga, wakati Waziri Mkuu Nehru hakupenda kiongozi wa nchi isiyo na dini ajiingize hapo. Septemba 1990 mwanasiasa L. K. Advani akaanzia Somnath safari yake ya gari la mapambo kuelekea Ayodhya, kudai hekalu lijengwe mahali uliposimama msikiti wa Babri. Desemba 6, 1992 umati ukaubomoa msikiti ule. Ghasia zilizofuata ziliua watu wengi, na wengi wao walikuwa Waislamu. Hawakuwa wameiba mlango wa mtu wala kuvunja jiwe la mtu.

Ila kuna jambo ambalo waliokuwa wanapiga kelele hawakulisimulia. Mwaka 1264, yaani miaka 238 baada ya Mahmud, mwenye meli mmoja Mwislamu kutoka Hormuz, Nuruddin Firuz, alipata ardhi hapo hapo Somnath akajenga msikiti. Maandishi ya jiwe yapo, kwa Kisanskriti na kwa Kiarabu. Na kati ya wakubwa wa mji waliohusika kumpatia ardhi alikuwepo kuhani wa Shiva. Wajukuu wa waliovunjiwa wakamkaribisha jirani wa dini ya aliyevunja, kwa sababu walifanya biashara pamoja na walijua kutofautisha mtu na mtu. Mwanahistoria Mhindi Romila Thapar aliandika kitabu kizima mwaka 2004 akiweka sauti hizi zote mezani. Ukimsoma unaona wazi: wanaosimulia 1026 peke yake wanapata chuki. Anayeongeza 1264 anapata kitu kingine.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Hadithi ikikatwa katikati inakuwa sumu. Na sihitaji kwenda India kulithibitisha, naweza kubaki hapa hapa Usukumani.

Nani hapa haijui hadithi ya Shing'weng'we? Zimwi likameza watu wote na mifugo yote. Akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha. Akamzaa mtoto, Masala Kulangwa, mwerevu wa kuelewa mambo. Mtoto akakua, akauliza watu wako wapi, akaenda kulisaka zimwi, akaliua, akalipasua tumbo, watu wote wakatoka hai. Wakamfanya mtawala. Wengi tunaishia hapo. Wanasiasa nao huishia hapo, kila mmoja anajiona ndiye Masala Kulangwa na mpinzani wake ndiye Shing'weng'we.

Lakini wazee wanaoisimulia yote wana kipande kingine. Wakati Masala Kulangwa anapasua tumbo, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja bila kukusudia. Bibi akakasirika, akataka kumroga. Kijana akaponea chupuchupu mara kadhaa. Sasa swali la mtihani: shujaa alimfanya nini yule bibi? Kwa akili tuliyonayo leo wengi watajibu alimuua, si mchawi? Hapana. Alitafuta dawa akamponya sikio. Ugomvi ukaisha.

Jamani, tulisome tena hilo. Hadithi kubwa kuliko zote za Wasukuma inamalizika kwa kijana kumtibu bibi anayetuhumiwa uchawi, kwa sababu hasira ya bibi ilikuwa na chanzo na kijana alihusika. Na ni Kanda ya Ziwa hii hii ambako kwa miaka mingi vikongwe wamekatwa mapanga kwa kuwa na macho mekundu. Macho yaliyoharibiwa na moshi wa miaka hamsini ya kupikia kuni na vinyesi vya ng'ombe! Ni kanda hii hii ambako miaka ya 2000 ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa kama digidigi, mpaka Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda akatangaza kufuta leseni za waganga wa jadi. Leseni zilifutwa kwenye karatasi. Kilichokuwa vichwani mwa watu hakikufutwa, kwa sababu kichwani hakuna leseni, kuna hadithi. Na walioeneza hadithi kwamba kiungo cha mtu kinaleta utajiri hawakuitoa kwa Masala Kulangwa. Waliitunga wenyewe sokoni, wakaipaka rangi ya "jadi", nasi tukakubali kwa sababu jadi yenyewe hatukuijua vya kutosha kuwaambia mnadanganya.

Hebu sasa rudini kwa yule mwenzetu. "Wanaabudu mashetani, ndio maana wana hela." Iangalieni vizuri sentensi hiyo, kisha muifananishe na ile ya viungo vya albino. Ni sentensi moja! Zote mbili zinasema utajiri unatoka kwenye siri ya kishetani, sio kwenye kazi, mtaji, mkopo wa ndugu na kufungua duka saa moja asubuhi kila siku. Ukimfundisha mtoto kwamba jirani Mhindu kapata kwa mashetani, umeshamfundisha kwamba njia hiyo ipo. Kesho atajiuliza kwa nini na yeye asiipite. Ndio maana sikucheka.

Na tusisahau, wamisionari wa mwanzo walisema hayo hayo juu ya bibi na babu zetu. Vibanda vya kuwakumbukia mababu vikaitwa vya mashetani, ngoma zikaitwa za mashetani. Tukaumia, tukaandika mitihani mizima ya kulaani ukoloni, halafu tunageuka na kumtupia Baniani jiwe lile lile. Na tazama hapa Mwanza penyewe, mji wa mawe. Jiwe letu maarufu kuliko yote linaitwa Bismarck, jina la kansela wa Ujerumani ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika. Watalii tunawaelekeza, picha tunapiga. Uliza kijana yeyote wazee waliliitaje kabla ya Mjerumani, uone atakavyokodoa macho. Wenzetu wa Somnath jiwe lao limevunjwa, wakalijengea hekalu tena mwaka 1783 kwa mkono wa malkia Ahilyabai Holkar, wakalijengea tena mwaka 1951, na hadithi haikupotea. Letu halijavunjwa hata kipande, ila tumelipoteza.

Najua majibu yatakayokuja, tuyajibu kabisa.

Wa kwanza atasema: imani yangu hairuhusu kusimulia miungu ya watu. Ndugu yangu, al-Biruni niliyemtaja alikuwa Mwislamu, na aliishi chini ya utawala wa Mahmud huyo huyo aliyevunja Somnath. Alijifunza Kisanskriti, akaandika wanachoamini Wahindu, na mwanzoni kabisa akaeleza kwamba kitabu chake si cha malumbano, anaweka maneno yao kama walivyo. Hakuwa Mhindu, na hakubadilika kuwa Mhindu. Alikuwa msomi tu. Kama yeye aliweza mwaka 1030, mimi na wewe tunashindwaje? Na Katiba yetu ibara ya 19 inamlinda mtoto wa Kihindu aliyekaa dawati la mbele sawasawa na inavyokulinda wewe.

Wa pili atasema: utawachanganya watoto, watashindwa kujua lipi kweli lipi hadithi. Ukweli ni kwamba sasa hivi ndio wamechanganyikiwa. Tunawakaririsha kidato baada ya kidato: visasili hueleza asili ya vitu, visakale husimulia mashujaa wa kale, taja sifa tano. Wanazitaja tano, wanapata alama tano. Lakini hawajawahi kushika kisasili kimoja kizima mkononi na kukiuliza maswali. Matokeo yake, akikutana na uzushi mtaani hana chombo cha kuupimia. Anaumeza.

Wa tatu atasema: muda hakuna, silabasi ndefu. Huyo namwelewa, na sitamdanganya kwamba ni rahisi. Lakini siombi somo jipya. Kipindi cha fasihi simulizi kipo tayari. Badala ya sifa tano za kunakili, leta hadithi mbili. Moja ya Soma na Shiva, moja ya Masala Kulangwa. Waulize watoto mambo matatu. Hadithi hii inajaribu kueleza nini, na je, tuna maelezo mengine? Nani anaisimulia, na anapata faida gani? Na kuna kipande gani kimeachwa? Swali la kwanza litampeleka mtoto kwenye jiografia, atajifunza kwa nini mwezi hupungua kweli: ni mwanga wa jua tunaouona upande mmoja kadiri mwezi unavyotuzunguka. La pili litamfundisha kuhusu Ellenborough na kuhusu mganga wa matangazo kwenye nguzo za umeme. La tatu litamrudisha kwa bibi mwenye sikio.

Na kama unataka pa kuanzia wewe mwenyewe kabla ya kuwafundisha wengine, sio mbali. Hapa Buzuruga panda daladala ya Kisesa, pita Igoma, shuka uulize Bujora. Kuna makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa miaka ya 1950 na Padre David Clement, White Father kutoka Kanada, akishirikiana na Wasukuma wenyewe. Ngoma za watemi zipo, na kanisa lake limejengwa kwa alama za kitemi. Huyo ni padre, mgeni, aliyeona kwamba ngoma si shetani. Nenda na wenzako, nauli ni ndogo kuliko chips mayai mbili. Siku nyingine mkiwa mjini, ombeni kwa adabu kuingia kwenye hekalu la Wahindu, vueni viatu, ulizeni. Mtakaribishwa au mtaambiwa mje siku nyingine, hakuna atakayewameza. Sikukuu yao kubwa ya Shiva inaitwa Mahashivaratri, inaangukia Februari au Machi, wanafunga na kukesha usiku kucha. Sisi wa mikesha tutaelewana nao vizuri tu.

Nimalizie na hadithi moja ya Shiva ambayo naona inatuhusu walimu. Wanasimulia kwamba miungu na mashetani walikoroga bahari kutafuta maji ya uzima. Kabla ya uzima ikatoka sumu kali ya kuiangamiza dunia yote. Kila mtu akakimbia. Shiva akaikinga akainywa, lakini hakuimeza, maana ingemuua, na hakuitema, maana ingeua wengine. Akaizuia kooni, koo likageuka bluu, ndio maana anaitwa Nilkantha, mwenye koo la bluu.

Hadithi za watu, zetu na zao, zinataka kushikwa hivyo darasani. Usizimeze ukaanza kuwinda wachawi. Usiziteme ukamwachia mtaa azifundishe kwa niaba yako. Zishike, zigeuze, waonyeshe watoto kilichomo. Ni kazi ngumu na mshahara tunaujua, lakini mimi naona ndiyo hasa tuliyokuja kuisomea.

Na wewe mwenzangu uliyesema yale maneno, najua unasoma hapa. Sina ugomvi na wewe. Jumamosi nakwenda Bujora, nauli ya kwenda juu yangu, ya kurudi utajijua.

Naomba kuwasilisha.